Pikapu Iliyotoka Jasho kwa Baridi

Nadhir alikuwa anaendesha gari kichwa kiko nje ya dirisha, kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Si kwa kupenda. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe pe, utasema mtu kakipaka uji, na kadiri mwanawe Khattab alivyokipangusa kwa kofia yake mpya ndivyo kilivyozidi kuziba. Upande wa dereva kulibaki tundu moja la kupenyeza jicho, dogo kama kisahani cha kikombe cha kahawa, nalo lilikuwa linajifunga taratibu. Baridi ya Januari ilimpiga Nadhir masikio mpaka akaona si yake tena, kaazima.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya kuchelewa. Khattab alikuwa anakwenda kuposa. Mzee Marhun wa Nizwa, babake Hala, alikubali kuwapokea Alkhamisi saa moja ya asubuhi, si baadaye, maana baada ya hapo zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, inaingia, na maji ya falaji hayamngojei mgeni. Ukikosa zamu yako mfereji unapita kwa jirani, mitende yako inakutazama tu. Kwa hiyo walitoka Ibra kabla ya alfajiri, watu wanne ndani ya pikapu ya kabini mbili iliyokuwepo nyumbani tokea Khattab anajifunza alifu bee tee.

Radhia, mke wa Nadhir, alikuwa nyuma kapakata halwa. Pembeni yake Bibi Asya, mamake Nadhir, kajifunga blanketi, miwani puani, thermosi ya kahawa kifuani, na miguu yote miwili kaipandisha juu ya kiti. Alisema chini kuna baridi. Mtu akitaka kuweka kitu pale chini ya kiti chake, anakohoa mpaka kile kitu kinahamishwa.

Kabla hawajaondoka Nadhir aliwapa masharti. Huko Nizwa ni Kiarabu tu. Kiswahili kibaki ndani ya gari. Na asije mtu akataja muhogo, wala kisamvu, wala samaki wa nazi, maana wale ni watu wa ndani, Waarabu wa asli, wataanza kunong'ona kwamba hawa ni Wazanjibari hawa, hata Kiarabu chao kina nazi. Nadhir mwenyewe kazaliwa Tabora, hata Unguja hakukaa, lakini alijua minong'ono haiulizi ramani. Bibi Asya aliyasikiliza masharti yote akaitikia "taib" kwa utiifu uliomtia Radhia wasiwasi.

Walipofika milimani wakajaribu hita. Hita ya gari ile haijawahi kuwashwa hata siku moja; nani awashe hita Omani? Nadhir alipoisukuma swichi ikanguruma, ikatema vumbi, kisha ikamtoa nzige mkavu mzima mzima, akaruka akatua juu ya halwa. Radhia alimtoa kwa ncha ya kidole akasema basi, izime hiyo kabla haijatoa na mayai yake.

Ndipo Nadhir alipoona taa mbili nyekundu mbele. Gari kubwa, linakwenda vizuri, halina wasiwasi. Akawaambia wamshukuru Mungu, wanalifuata lile lile, maana asubuhi hii nani anayeipita Izki bila ya kwenda Nizwa?

Jibu ni kwamba wapo. Wapo wanaokwenda Bahla.

*

Lile gari lilisimama, nao wakasimama, penye magari mengi mpaka Nadhir akaingiwa na imani. Marhun kawakusanyia ukoo mzima. Wanaume wameketi ndani ya sabla, ule ukumbi wa watu wa mtaa, mstari kwa mstari, wamenyamaza kwa heshima. Wanawake wako nyumba ya pili. Nadhir akavaa joho lake, akamweka sawa Khattab kilemba, wakaingia wakapeana mikono na watu wote mmoja mmoja. Hakuna aliyewauliza nyinyi nani. Waliletewa tende na kahawa, wakanywa, wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka, kama inavyotakiwa.

Hotuba yake ya Kiarabu fasihi Nadhir alikuwa kaihifadhi bafuni wiki nzima. Akasimama. Akasema wamekuja leo katika nyumba hii yenye baraka, nyoyo zao zimejaa furaha, na wanamshukuru Mungu aliyeifanya siku kama hii, na wanatumai siku kama hizi zitazidi baina ya jamaa hizi mbili. Watu wakamtazama. Mzee mmoja akaweka kikombe chini polepole sana. Na hapo hapo, kutoka nyumba ya pili, vikasikika vigelegele. Virefu, vya Kiunguja, vya kupanda na kushuka. Vilikuwa vya Bibi Asya: kaingia kutoka kwenye baridi kwenda kwenye chumba chenye joto, miwani ikampiga ukungu, akaona vivuli vya wanawake wengi wamekaa chini, akafanya analolijua.

Yule mzee alimvuta Nadhir kwa mkono akamkalisha. Akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, mwenye nyumba tumemzika jana."

Khattab alikiingiza kichwa chake chote ndani ya kile kilemba.

*

Marhun walimkuta adhuhuri, anatoka shambani, tope mpaka magotini, jembe begani. Habari zilimfika kabla yao. Bahla na Nizwa zina simu. Aliwakaribisha kwa adabu, maana huwezi kumwacha mgeni mlangoni, akawapa chakula, na hakutaja posa mpaka walipokwisha kunawa.

"Nadhir," alisema kwa Kiarabu chake kizito, "mimi sina neno na kijana. Lakini mtu asiyeiona barabara iliyo mbele yake, nimpe binti yangu ampeleke wapi?"

Nadhir akaeleza habari ya vioo. Alieleza kirefu. Marhun akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Alkhamisi ijayo, saa moja ile ile. Wakifika, wazungumze. Wasipofika, Hala ana mtoto wa ami yake Izki ambaye gari lake halina maneno mengi.

Wakarudi Ibra. Jua lilikuwa kali, vioo vikavu, barabara inaonekana mpaka kesho yake. Pikapu ilikuwa inawakebehi.

*

Basi ile wiki nyumba ya Nadhir ikageuka hospitali ya gari. Nadhir ni mtunza stoo wa wizara ya umeme, lakini kwa ulimi wake mwenyewe ni injinia, na injinia hampeleki mgonjwa kwa mwengine kabla hajampima. Swali la kwanza, alimwambia Khattab, ukungu uko ndani au nje? Alfajiri akachora mstari kwa kidole upande wa ndani, mstari ukatokea. Uko ndani. Akafurahi kama kagundua mafuta.

Swali la pili: maji yanaingia kutoka wapi? Khattab alipanda juu ya paa na mpira wa maji, Radhia akakaa ndani na karatasi za tishu kila pembe. Maji yakamwagwa mpaka mtaa ukawa kijito. Tishu zote kavu, Radhia peke yake ndiye aliyelowa, maana Nadhir alisahau kumwambia apandishe kioo.

Jirani yao Sleyum, dereva wa basi la skuli, alikuja kila siku kutoa rai. Alkhamisi ile ile ya aibu alileta kiazi kilichokatwa, akasema paka kioo kizima. Wakapaka. Asubuhi kioo kina ukungu na kinanuka chipsi. Siku ya pili akaja na povu la kunyolea ndevu. Siku ya tatu akasema washeni kiyoyozi, kinakausha hewa, na wakamcheka, kiyoyozi na baridi hii? Wakajaribu. Kweli kioo kilipata nafuu kidogo, lakini wao wenyewe walirudi wamebadilika rangi, na Khattab meno yakawa yanapiga mpaka hawezi kusema jina lake.

Mwisho Nadhir alikubali kwenda sanaiya, kule kwenye magereji. Fundi akafungua boneti akatia kichwa, akatoa kichwa, akasema hita inavuja. Maji ya rejeta yanapita ndani ya hita, yakivuja yanakuwa mvuke, yanapanda kwenye kioo. Utajuaje? Ule mvuke una utamu. Onja kioo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi moja mbele ya nyumba yake, mtunza stoo wa wizara, mtu mwenye heshima zake na joho lake, alikuwa kapiga magoti juu ya kiti cha gari analamba kioo cha mbele. Na wakati huo huo Sleyum akapita na basi limejaa wasichana wa sekondari. Sleyum alipunguza mwendo. Wasichana wote walihamia upande mmoja, basi likainama. Nadhir, ulimi uko kiooni, akapunga mkono, afanye nini tena.

Hakukuwa na utamu. Kulikuwa na ladha ya vumbi, udi na kiazi. Na rejeta ilikuwa haijapungua hata tone. Hita haina kosa.

Kilichobaki ni zulia. Radhia ndiye aliyeliona: nyuma, chini ya kiti, zulia limelowa, ukilikanyaga linalia chwa. Akasema litolewe lianikwe juu ya banda. Bibi Asya aliposikia alitoka haraka kuliko ilivyo desturi ya magoti yake, akasema ngoja, hapo nina furushi la nguo zangu, nalitoa mwenyewe, msinisaidie. Akalibeba chumbani kalikumbatia. Zulia likakauka. Nadhir akaupata waya wa kufungulia hewa ya nje uliokwama, akautia mafuta ya nazi ukalegea. Alfajiri iliyofuata yeye, Khattab na Sleyum wakaizunguka Ibra yote. Vioo safi. Unaona mpaka nywele za mbuzi ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu.

Nadhir alirudi anaimba. Mchana wake Bibi Asya akaomba apelekwe Mudhayrib kumwangalia shoga yake mgonjwa, wakalala huko, wakarudi alfajiri. Vioo vikaziba vyote vinne.

Wakajaribu bila ya Bibi. Safi. Wakajaribu na Bibi, na furushi lake la nguo, maana hatembei bila ya furushi lake. Maziwa matupu.

Walikaa barazani, wanaume watatu, wakatazamana. Sleyum ndiye aliyelisema. Akasema yeye hataki kumvunjia mtu heshima, lakini sayansi ni sayansi. Mvuke unatoka kwa pumzi. Na Bibi Asya, Mungu amuweke, kutoka hapa mpaka Bidbid anaweza kusimulia harusi ya mwaka arobaini na saba bila ya kuvuta pumzi ya pili.

"Mama yako," alisema Sleyum, "ana hewa nyingi."

*

Kumwambia ilikuwa kazi ya Nadhir. Radhia alisema yeye hamwambii mkwewe kwamba ni ukungu. Aliyezaliwa naye ndiye amwambie. Nadhir alizunguka uani akarudi, akaenda akaosha gari ambalo lilikuwa limeshaoshwa, akarudi. Bibi Asya alikuwa kakaa mkekani anachambua mchele.

"Mama," akasema Nadhir, "ile gari imezeeka."

"Na mimi je, msichana?"

"Haina nguvu ya watu wanne. Yaani nguvu inayo. Ni vioo. Tumepima, mama. Ukiwemo wewe, vinaziba. Labda ungebaki, sisi tukaenda tukarudi, halafu siku ya harusi tunakodi basi zima."

Bibi Asya alitoa kokoto moja, akaiweka pembeni. Akatoa ya pili.

"Mimi ndiyo nimekuwa ukungu, Nadhir?"

"Si wewe. Pumzi."

"Nilipokubeba tumboni miezi tisa hukulalamika kwamba mama anapumua sana."

Nadhir aliondoka kinyumenyume kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Usiku ule hata chai hakunywa, na Radhia aliyekuwa na maneno mengi ya kumwambia alimwonea huruma, akamwambia machache tu.

Alkhamisi, kabla ya adhana, Nadhir alitoka na tochi. Pikapu ilikuwa na mtu ndani. Bibi Asya kakaa mahali pake kiti cha nyuma, blanketi mabegani, miguu juu, na leso kajifunga mdomoni, imezunguka mpaka kisogoni, imepigwa fundo mbili. Leso ya rangi ya machungwa, maandishi yake yamemkaa sawasawa chini ya pua. Macho tu ndiyo yanayoonekana juu ya miwani, na yale macho yalimwambia Nadhir: nimeacha kupumua, twende.

Nadhir alisimama na tochi yake. Radhia alimpita, akapanda, akapakata halwa.

"Unangoja nini?" akamwambia. "Mama yuko tayari."

*

Walivuka milima kimya kimya. Hakuna harusi ya mwaka arobaini na saba. Hakuna anayekohoa. Nadhir alikuwa na raha ya nusu na haya ya nusu, na kila akitazama kioo cha juu aliiona ile leso ya machungwa, ikipanda na kushuka kidogo kidogo.

Kabla ya Izki kioo kikaanza kuziba pembeni. Ukope mweupe. Ukasogea. Khattab akaanza na kofia. Nadhir akafungua hewa ya nje, akawasha kiyoyozi, wakatetemeka wote, na ukungu ukazidi kuja kama mtu aliyealikwa. Akasimamisha gari kando ya njia. Upande wa mashariki kulishaanza kupambazuka, na saa moja haikuwa mbali.

Alikaa mikono iko kwenye usukani. Mama kafunga mdomo na kioo kimeziba vile vile. Kwa hiyo haikuwa yeye. Kamfunga mama yake mdomo bure, na Alkhamisi inakwenda, na Izki iko pale mbele, yenye mtoto wa ami na gari lisilo na maneno.

Khattab aliinama nyuma kutafuta tishu. Akaingiza mkono chini ya kiti cha bibi yake. Akautoa haraka.

"Baba, iko kitu imekufa hapa. Imelowa."

Kwa nyuma ya leso ikatoka sauti, ya kwanza tokea Ibra:

"Hakijafa. Kinaota."

Nadhir alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akalivuta lile furushi la nguo. Halikuwa na nguo. Lilikuwa gunia, limelowa linachuruzika, na ndani yake vijiti vya muhogo vya kupanda, vimefungwa kama fimbo, na kila kijiti kimetoa vijani vichanga, vimenyooka, vina afya, vimependa joto la gari kuliko wote waliomo. Pembeni birika dogo. Kila waliposimama kusali Bibi Asya alikuwa akivinywesha.

Alifungua leso taratibu, akaikunja.

"Yule shoga yangu wa Mudhayrib kaletewa na mwanawe, akanigaia kabla ya ile safari ya kwanza. Pale kwetu Ibra kisima kina chumvi, nimepanda mara ngapi, vyote vimekufa. Nikasikia huyu bwana ana falaji. Maji matamu. Nikasema tukishakuwa jamaa hatoninyima kona. Nile kisamvu changu kabla sijaondoka duniani, basi."

"Ungeniambia, mama."

"Ulisema muhogo usitajwe. Sikuutaja."

Radhia aliigeukia halwa, mabega yanamcheza. Nadhir alitazama gunia, akatazama jangwa. Kutupa ni kitendo cha dakika moja. Nyuma ya pikapu kuna nafasi tele, lakini upepo ule wa alfajiri ungevikausha vile vijani kabla ya Birkat al-Mawz, na hilo hata mtunza stoo analijua. Bibi Asya hakuomba. Alikuwa anayatazama tu yale majani, kama anayahesabia pumzi.

Nadhir alivua joho lake. Akalizungushia gunia, akalifunga kwa kilemba chake, akalilaza nyuma ya pikapu pembeni ya tairi la akiba, akarudi kwenye usukani na kanzu yake nyembamba na hakuna aliyethubutu kumtazama. Walipokwenda kidogo kioo kikaanza kufunguka katikati, kikafunguka pembeni, na Nizwa yote ikaja mbele yao na mitende yake na ngome yake, safi, kama mtu kafumbua macho.

*

Marhun alikuwa mlangoni, jembe limeegemezwa ukutani, anatazama saa yake ya mkono. Aliishusha mikono ya kanzu akawakaribisha. Wanawake wakapelekwa kwa Hala na mama yake. Wanaume wakaingia majlisi, chumba cha wageni, na kijana mmoja wa pale nyumbani akashusha vitu kutoka kwenye pikapu: halwa, thermosi, na lile furushi la joho.

Majlisi ilikuwa ya baridi. Moto wa kahawa ulikuwa unakaribia kuzimika kwenye jiko. Marhun akalifungua furushi, akaona vijiti vimepangwa vizuri. Uso wake ukalainika.

"Mmeleta hata kuni," akasema. "Asubuhi ya baridi kama hii. Wallahi mmefikiria."

Hapo Nadhir alikuwa na mlango wazi mbele yake. Kunyamaza tu. Kuni ni zawadi ya heshima, ya Kiarabu kabisa, haina nazi. Khattab alimtazama babake, na babake akatazama zulia. Marhun akakwanyua vile vijani vya juu, kwani majani hayawaki, akatia vijiti viwili motoni.

Muhogo mbichi uliokaa na maji wiki nzima hauungui. Unalia. Ulitoa povu, ukatoa filimbi, kisha ukatoa moshi mweupe mzito, ukajaa dari, ukateremka, mpaka Nadhir hakumwona tena Marhun, wala Marhun hakumwona Nadhir. Watu wakakohoa. Kwenye ule ukungu Nadhir aliona kivuli cha mkono wa Marhun kinakwenda kuchukua vijiti vyengine.

"Usichome," akasema.

"Nini?"

"Si kuni. Ni mti wa kupanda. Unaitwa muhogo." Jina la Kiarabu hakulijua, akalisema kwa Kiswahili, kwa sauti, katikati ya Nizwa. "Ni wa mama yangu. Anataka kuupanda kwenye maji yako. Huo ndio uliotia ukungu kwenye vioo, na huo ndio uliotupeleka msibani. Mimi nimeona haya kukwambia."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Bibi Asya alikuwa kashaunusa ule moshi; pua yake inaujua. Kasimama kizingitini, leso mkononi, na nyuma yake Hala kamshika mkono na anauma mdomo asicheke, maana kule ndani keshasimuliwa na Radhia kila kitu, tangu nzige mpaka ulimi wa kioo. Bibi hakuingia. Alivitazama vile viwili vilivyomo motoni, akasema inna lillahi, kwa sauti ndogo.

Marhun alivitoa vijiti kwa mkono wake mwenyewe, akavizima kwa kahawa iliyobaki. Akakichukua kimoja kizima, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akaona ukijani chini ya gamba. Ni mkulima yule. Akauliza mti huu unakunywa maji mengi? Nadhir akamfasiria mama yake. Bibi akajibu kwamba kidogo mwanzo, halafu haudai kitu, lakini chumvi hautaki. Akauliza na unaliwa nini? Bibi akajibu kwa marefu, kwa Kiswahili kitupu, na mikono, na Nadhir akafasiri majani na akafasiri mzizi, na ilipofika kwenye nazi akafasiri na nazi.

Marhun alitazama saa yake.

"Maji yangu yanaingia," akasema akasimama. Halafu akasimama tu pale, anapangusa macho yaliyojaa moshi. "Wiki iliyopita niliwaambia hamuoni mbele yenu. Na mimi leo nimechoma mti wa mgeni mikononi mwangu naona ni kuni. Tuko sawa. Kijana, kunja kanzu."

Khattab aliposewa hivyo, kanzu kaikunja mapajani, ndani ya mfereji. Maji ya falaji asubuhi ya baridi yana uvuguvugu, yanatoa mvuke, na kule nyuma ya mvuke Bibi Asya alikuwa anaelekeza kwa kidole: ulaze, usiusimamishe, hapo, hapana, hapo. Marhun anachimba, Khattab analaza, Nadhir anafasiri, na watu wazima wawili wakakubaliana mahari, siku na kona ya muhogo, yote juu ya tuta moja. Hala alikuwa juu ya paa. Hakuna aliyemwona akicheka, lakini alisikika.

*

Waliondoka alasiri. Nadhir alilipata joho lake, lina tope na harufu ya moshi, akalivaa vile vile.

Jua lilipozama na baridi kurudi, walikuwa wameshaipita Izki. Bibi Asya yuko kwenye harusi ya mwaka arobaini na saba, na safari hii hata Khattab alikuwa anauliza maswali. Nadhir aliona ukope mweupe pembeni ya kioo. Akadhani ni macho yake. Ukasogea.

Alitazama kioo cha juu. Bibi Asya kanyamaza ghafla. Miguu yote miwili iko juu ya kiti.

"Mama. Gunia ulilirudisha tupu?"

"Gunia la mtu halirudi tupu, Nadhir. Si adabu. Marhun kanitilia miche ya migomba. Mitatu tu, na udongo wake, na maji kidogo."

Radhia akaanza yeye kwanza kucheka. Nadhir alitaka kusimamisha gari, akaacha. Khattab alikuwa keshanyoosha kidole, anaandika jina la Hala kwenye kioo cha upande wake, polepole, kwa mwandiko wa skuli. Nyuma, Bibi Asya akaikunjua ile leso ya machungwa, akajifunga mdomo fundo mbili, akageukia dirishani.

Nadhir akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, akaendelea na safari.